Daniel Nathans: Daktari aliyetumia kisu cha bakteria kufungua siri za urithi

KILA mtoto mchanga anayepelekwa kliniki mjini Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira, hudungwa pajani sindano inayomkinga dhidi ya magonjwa 5 kwa pamoja. Ndivyo ilivyo pia Kisii, Lamu na Lodwar. Mojawapo ya magonjwa hayo ni homa ya ini ya aina ya B, na chanjo hiyo ya pamoja ilianza kutolewa nchini Kenya mwaka wa 2001.

Sehemu ya chanjo hiyo inayozuia homa ya ini haitokani tena na damu ya watu walioambukizwa, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hutengenezwa na hamira iliyopandikizwa jeni moja ya kirusi cha ugonjwa huo. Ili jeni kama hiyo iweze kutolewa mahali pake na kuhamishiwa kwingine, wanasayansi walihitaji kwanza kujifunza kuikata DNA, ambayo ni kamba ya urithi iliyomo ndani ya kila kiumbe, mahali wanapopataka wala si popote pale.

Aliyeuonyesha ulimwengu jinsi ya kufanya hivyo ni Daniel Nathans, daktari wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1999. Hakukigundua kisu chenyewe. Kisu hicho kilikuwa mikononi mwa bakteria tangu zama za kale, na waliokivumbua ni wenzake. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutambua kazi ambayo kingeweza kufanya, akaifanya.

Aidha, kuna jambo la pili linalofanya maisha yake yastahili kusimuliwa nchini Kenya, ambako mjadala kuhusu mimea iliyobadilishwa jeni umeendelea kwa miaka mingi. Miaka 3 tu baada ya kazi yake kubwa kuchapishwa, Nathans alikuwa miongoni mwa wanasayansi 11 waliowataka wenzao kote duniani wasitishe kwa hiari baadhi ya majaribio yaliyowezeshwa na kisu hicho, hadi hatari zake zichunguzwe.

MWANA WA WAHAMIAJI

Nathans alizaliwa Oktoba 30, 1928 katika mji wa Wilmington, jimbo la Delaware, mashariki mwa Marekani. Alikuwa kitindamimba wa Samuel na Sarah Nathans, Wayahudi waliohamia nchini humo kutoka Urusi. Alikuwa angali mtoto mdogo mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipoikumba Marekani. Biashara ndogo ya babake ilianguka, na mzee huyo akakaa kwa muda bila kazi.

Uhaba huo haukumkatiza masomo. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Delaware, akasomea kemia na kuhitimu mwaka wa 1950. Kutoka hapo alielekea Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis kusomea udaktari, na akafuzu mwaka wa 1954.

Ni katika mji huo wa St. Louis ambapo mkondo wa maisha yake ulianza kubadilika. Wakati wa likizo moja alifanya kazi katika maabara ya Oliver Lowry, mtaalamu mashuhuri wa kemia ya viumbe. Kijana aliyekwenda chuoni ili atibu wagonjwa akaonja ladha ya utafiti, na ladha hiyo haikumtoka tena.

Hata hivyo, hakuukimbia udaktari. Alianzia kazi katika hospitali ya Columbia-Presbyterian jijini New York chini ya Robert Loeb, daktari aliyeheshimika sana enzi hizo. Mwaka wa 1955 alihamia Taasisi ya Taifa ya Saratani mjini Bethesda, ambako aliwahudumia wagonjwa waliokuwa wakipewa dawa za majaribio.

Baadhi ya wagonjwa wa saratani huugua saratani ya uboho, ambayo seli zake hutoa protini ya aina moja kwa wingi kupita kiasi. Nathans alijiuliza ni nini kinachoiamuru seli itengeneze protini hii na si ile, na kwa nini seli iliyoasi haisikii amri ya kukoma. Maswali hayo hayangeweza kujibiwa wodini. Mwaka wa 1956 alimwoa Joanne Gomberg, ambaye walijaliwa naye wana 3 wa kiume, na mwaka uliofuata akarudi New York kukamilisha mafunzo yake ya utabibu.

Mwaka wa 1959 alifanya uamuzi wa kuiweka kando kazi ya wodini. Alijiunga na maabara ya Fritz Lipmann, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1953, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York. Huko alichunguza jinsi RNA, ambayo ni nakala ya maagizo ya DNA, inavyoielekeza seli kutengeneza protini. Alitumia RNA ya virusi vidogo vinavyoshambulia bakteria.

Mwaka wa 1962 aliajiriwa na kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins katika jiji la Baltimore. Hakuhama tena hadi alipoiaga dunia miaka 37 baadaye.

KIRUSI CHA TUMBILI

Kazi ya ualimu ndiyo iliyomwelekeza kwenye swali lililompa umaarufu. Alipotakiwa kuwafundisha wanafunzi wa udaktari kuhusu virusi vinavyosababisha uvimbe kwa wanyama, ilimbidi asome kwa kina yaliyoandikwa juu ya virusi hivyo. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyoshawishika kwamba njia ya kuielewa saratani ingeweza kupitia hapo.

Kirusi alichokichagua huitwa SV40. Kilijulikana mwaka wa 1960, kilipopatikana katika seli za figo za nyani zilizotumika kutengeneza chanjo ya polio. Maabarani hukuzwa katika seli za figo za tumbili wa Afrika, wa jamii moja na tumbili wanaowasumbua wakulima wa mahindi nchini Kenya. Kikidungwa wanyama wadogo wa maabara, huwasababishia uvimbe.

Lililomvutia Nathans ni udogo wa kirusi chenyewe. DNA yake ina herufi takriban 5,200 pekee, ilhali ya binadamu ina herufi bilioni 3 hivi. Ina jeni chache mno, nazo zatosha kuigeuza seli yenye afya kuwa seli iliyoasi. Kama angejua kila jeni iko wapi na hufanya nini, angekuwa amepiga hatua kubwa.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Wakati huo hapakuwa na njia ya kuigawa DNA vipande vipande kwa utaratibu. Wataalamu waliweza kuivunja kwa kuitikisa kwa nguvu, lakini ilivunjika ovyo, kila mara mahali tofauti. Ilikuwa kama kumpa mtu kitabu kilichoraruliwa na watoto, kisha kumtaka aeleze sura ya tatu inaanzia wapi.

VIMENG'ENYA NA KAZI ZAKE

Vimeng'enya vinavyokata DNA na RNA havikuwa vitu vigeni. Wanasayansi waliviita nyukliesi, na walijua kwamba vimo ndani ya kila kiumbe hai.

Kongosho la binadamu humimina vimeng'enya vya namna hiyo tumboni. Kila mboga, ndizi au kipande cha nyama anachokula mtu kina DNA na RNA ya kiumbe kilikotoka, na vimeng'enya hivyo huzikatakata hadi zikawa vipande vidogo vidogo ambavyo mwili huvitumia upya. Huko Taasisi ya Rockefeller, mtaalamu Moses Kunitz alikuwa amefaulu mwaka wa 1940 kukisafisha kimeng'enya kikatacho RNA kutoka kongosho la ng'ombe, akakipata kikiwa fuwele safi.

Ndani ya seli zenyewe mna vingine vyenye majukumu tofauti. Vipo vinavyokata na kuondoa sehemu ya DNA iliyoharibiwa na miale ya jua, ili pengo lake lizibwe upya. Vipo vinavyoharibu RNA iliyokwisha kutoa ujumbe wake, maana seli isiyofuta maagizo ya jana haiwezi kufuata ya leo. Vipo pia vinavyokatakata DNA ya seli iliyofikia wakati wa kufa, na bila ya kifo hicho kilichopangwa mwili hauwezi kujengeka sawasawa.

Lakini vile vya tumboni hukata bila ya kuchagua. Kwa kazi ya Nathans havikufaa, kama vile panga la kufyekea lisivyofaa kwa upasuaji wa jicho.

Vilivyofaa vilipatikana kwa bakteria. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Salvador Luria na Giuseppe Bertani, wataalamu wenye asili ya Italia waliokuwa wakifanya kazi Marekani, pamoja na wenzao, waliona jambo la ajabu. Kirusi kilichostawi ndani ya bakteria wa aina moja kilishindwa kabisa kikiingia katika bakteria wa aina nyingine.

Fumbo hilo lilifumbuliwa katika miaka ya 1960 na Werner Arber wa Geneva, Uswisi. Arber alieleza kwamba bakteria wana ulinzi wa namna mbili zinazotegemeana. Kimeng'enya kimoja huitia DNA ya bakteria alama ya kemikali, kama mfugaji wa Borabu anavyowatia ng'ombe wake chapa. Kimeng'enya cha pili huzunguka kikikagua, na DNA yoyote isiyo na chapa hukatwa mara moja. Kirusi kinachoingia bila chapa huwa kimekwisha.

Vimeng'enya alivyochunguza Arber vilitambua mgeni, ila havikumkata mahali maalumu. Aliyepata kilichokata kwa mpango ni Hamilton Smith, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ile ile ya Nathans huko Baltimore.

Mwaka wa 1968, Smith na mwanafunzi wake Kent Wilcox walichanganya DNA ya kirusi na utomvu wa bakteria waitwao Haemophilus influenzae. DNA ya kirusi ilikatikakatika huku ile ya bakteria wenyewe ikibaki nzima. Baadaye Smith na Thomas Kelly walionyesha kwamba kimeng'enya hicho hutafuta mpangilio maalumu wa herufi 6 na kukata katikati yake. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 1970.

BARUA ILIYOFIKA ISRAELI

Habari za ugunduzi huo zilimfikia Nathans akiwa mbali na nyumbani. Mwaka wa 1969 alikuwa katika Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, alikokwenda kuongeza ujuzi wa kushughulikia virusi vya uvimbe. Smith alimwandikia barua kumweleza kuhusu kimeng'enya kipya.

Smith alikuwa akichunguza jinsi bakteria wanavyojilinda. Nathans, aliyekuwa akiwaza kuhusu SV40 usiku na mchana, aliona ndani ya barua hiyo kisu alichokuwa akikitafuta. Ikiwa kimeng'enya hukata penye mpangilio fulani wa herufi pekee, basi DNA ya kirusi ingekatika mahali pale pale kila mara, na vipande vyake vingeweza kuhesabiwa, kupimwa na kupangwa.

Aliporejea Baltimore aliishughulikia kazi hiyo pamoja na Kathleen Danna, mwanafunzi aliyekuwa akisomea shahada ya uzamifu. Waliikuza SV40, wakaitia DNA yake vitu vyenye mnururisho ili waweze kuifuatilia, kisha wakaichanganya na kimeng'enya cha Smith.

Mchanganyiko huo waliupitisha ndani ya utando mzito ulioganda mithili ya jeli, huku wakiuvuta kwa nguvu za umeme. Vipande vidogo vilikwenda mbio, vikubwa vikajikokota nyuma. Mwishoni, kila kipande kilikuwa kimesimama mahali pake kwa kadiri ya ukubwa wake, na picha yake ikaonekana kama mistari iliyopangwa.

Mistari hiyo ilikuwa 11. Waliporudia jaribio, ikawa 11 tena, ya ukubwa ule ule. Ripoti yao ilichapishwa Desemba mwaka wa 1971, jina la Danna likitangulia la mwalimu wake, na tangu siku hiyo elimu ya urithi haikuwa tena kama ilivyokuwa.

Mwaka wa 1972 wawili hao walionyesha mahali ambapo DNA ya kirusi huanzia kunakiliwa, na kwamba unakili huo huenda pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kufikia mwaka wa 1973 maabara ya Nathans ilikuwa imechora ramani ya SV40 ikionyesha mpangilio wa vipande vyote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa DNA ya kirusi kuchorewa ramani kwa kutumia vimeng'enya vya aina hiyo.

Maabara nyingine zilifuata upesi. Bakteria wa kila aina walisakwa ili visu vyao vipatikane, kimoja kikikata penye mpangilio huu na kingine penye ule.

ONYO LA 1974

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, lakini kisu kikali pia hukata kidole cha mwenyewe. Mwaka wa 1972, Paul Berg wa Chuo Kikuu cha Stanford alifaulu kuunganisha DNA ya SV40 na DNA kutoka chanzo kingine. Mwaka uliofuata, Stanley Cohen na Herbert Boyer walionyesha kwamba DNA iliyoungwa hivyo ingeweza kutiwa ndani ya bakteria na kuzaliana humo.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Bakteria waliotumika maabarani ni wa jamii ya wale waishio tumboni mwa binadamu. Itakuwaje, wataalamu walijiuliza, ikiwa bakteria hao watapewa jeni za kirusi kinachosababisha uvimbe, kisha watoroke maabarani? Itakuwaje wakipewa jeni za sumu, au za kushinda dawa za kutibu maambukizi?

Julai mwaka wa 1974, Berg na wenzake 10 walitoa barua ya wazi katika majarida makuu ya sayansi. Waliwasihi watafiti wote duniani wasitishe kwa hiari baadhi ya majaribio hayo hadi hatari zake zipimwe na njia za kuzizuia zipatikane. Mmoja wa waliotia sahihi alikuwa Daniel Nathans.

Uzito wa sahihi hiyo unaeleweka mtu akikumbuka ni nani aliyeitia. Kirusi kilichokuwa kikiogopwa ndicho hicho alichokichunguza kwa miaka mingi. Vimeng'enya vilivyohusika vilikuwa vya aina ile ile ambayo yeye na mwanafunzi wake ndio waliotangulia kuonyesha manufaa yake. Ushindani ulikuwa umeshika kasi, na kila mwezi wa kusubiri ungeweza kumpa mwingine nafasi ya kutangulia.

Februari mwaka wa 1975, wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Asilomar, California, wakakubaliana kuhusu masharti ya kufuatwa. Majaribio yenye hatari ndogo yaliruhusiwa, yenye hatari kubwa yakawekewa maabara maalumu, na mengine yakapigwa marufuku kwa wakati huo. Mwaka wa 1976 serikali ya Marekani ilitoa kanuni rasmi kwa watafiti inaowafadhili, na kadiri ushahidi wa usalama ulivyoongezeka ndivyo kanuni hizo zilivyolegezwa.

Kenya nayo imepitia mvutano kama huo kwa njia yake. Ilipata sheria ya usalama wa viumbe vilivyobadilishwa jeni mwaka wa 2009. Mwaka wa 2012 serikali ikapiga marufuku uagizaji wa vyakula vya aina hiyo. Marufuku hayo yaliondolewa Oktoba mwaka wa 2022, na wapinzani wa hatua hiyo wakakimbilia mahakamani.

Katika mvutano huo, upande mmoja huwa unautazama upande wa pili kama adui wa sayansi, nao wa pili huona wanasayansi kuwa watu wasiojali. Maisha ya Nathans yanakanusha dhana zote mbili. Aliyekuwa na sababu nyingi za kusonga mbele ndiye aliyekubali kusimama, na baada ya hatari kupimwa hakuendelea kuogopa kwa ajili ya kuogopa tu.

TUZO NA MATUNDA

Mwaka wa 1978, Arber, Smith na Nathans walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba. Arber alituzwa kwa kulifumbua fumbo, Smith kwa kukipata kimeng'enya, naye Nathans kwa kukitumia kuzifungua siri za jeni.

Mwaka huo huo matunda yalianza kuiva. Watafiti wa California walifaulu kuwafanya bakteria watengeneze insulini ya binadamu, na mwaka wa 1982 insulini hiyo iliidhinishwa kuuzwa Marekani. Kabla ya hapo, wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini iliyotolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa.

Mwaka wa 1978 pia, Yuet Wai Kan na Andrée Dozy wa San Francisco walitumia kimeng'enya cha aina hiyo kubaini iwapo mtoto aliye tumboni angezaliwa na ugonjwa wa selimundu. Ugonjwa huo una historia ndefu nchini Kenya. Anthony Allison, aliyelelewa nchini humu, alianza mwaka wa 1949 kukusanya damu ya wakazi wa sehemu mbalimbali. Aligundua kwamba wanaobeba jeni ya selimundu walikuwa wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache sana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka wa 1954 alionyesha kuwa jeni hiyo humkinga anayeibeba dhidi ya malaria.

Mnamo 1985, mbinu ya alama za DNA iliyobuniwa na Alec Jeffreys wa Uingereza kwa kutumia vimeng'enya hivyo ilimsaidia mvulana wa familia yenye asili ya Ghana kuruhusiwa kuishi na mamake Uingereza, baada ya maafisa wa uhamiaji kutilia shaka uhusiano wao. Ingawa mbinu zimebadilika, vipimo vinavyotolewa leo mahakamani katika kesi za mirathi na malezi vilianzia hapo.

Isitoshe, mwaka wa 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walitumia vimeng'enya 12 kulinganisha DNA ya watu 147 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Walihitimisha kwamba ukoo wa upande wa mama wa wanadamu wote walio hai unaweza kufuatiliwa hadi kwa mwanamke mmoja aliyeishi takriban miaka 200,000 iliyopita, na kwamba makao yake yalikuwa Afrika.

Bakteria walikuwa bado hawajamaliza kutoa visu vyao. Mwaka wa 2012, Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walieleza jinsi kimeng'enya kiitwacho Cas9, ambacho pia ni silaha ya bakteria dhidi ya virusi, kinavyoweza kuelekezwa kukata DNA popote mtafiti anapotaka. Walituzwa Nobel mwaka wa 2020. Mwishoni mwa mwaka wa 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia kisu hicho.

Jijini Nairobi, watafiti wakiongozwa na Leena Tripathi wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha maeneo ya tropiki, IITA, walikitumia kuondoa makali ya kirusi kilichojificha ndani ya DNA ya ndizi aina ya gonja, na wakachapisha matokeo yao mwaka wa 2019. Kwa wakulima wa Kisii na Nyamira, ambao ndizi ni chakula na ni biashara, utafiti wa namna hiyo si hadithi ya mbali. Mwaka wa 2022 Kenya ilitoa mwongozo wake wa kusimamia kazi za aina hiyo.

MIAKA YA MWISHO

Umaarufu haukumtoa Nathans maabarani. Aliiongoza idara ya maikrobiolojia ya Johns Hopkins kuanzia mwaka wa 1972 hadi 1982, kisha akazama katika uchunguzi wa jeni zinazoamka pale seli inapopokea amri ya kukua. Swali hilo lilikuwa ndugu wa lile lililomsumbua akiwa daktari kijana miongoni mwa wagonjwa wa saratani.

Mwaka wa 1993 alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Miaka 2 baadaye, akiwa na umri wa miaka 66, chuo kilimwomba ashike wadhifa wa rais wa muda. Aliutumikia kuanzia mwaka wa 1995 hadi 1996, mrithi alipopatikana, kisha akarudi kwenye utafiti wake.

Mwanawe, Jeremy Nathans, alifuata nyayo zake na kuwa mtafiti katika chuo hicho hicho. Mwaka wa 1986 Jeremy na wenzake walizitenga jeni zinazomwezesha binadamu kutofautisha rangi, na kueleza kwa nini baadhi ya watu hawawezi kuzitofautisha. Kazi hiyo isingewezekana bila ya mbinu zilizojengwa juu ya vimeng'enya alivyovitumia babake.

Daniel Nathans alifariki nyumbani kwake Baltimore mnamo Novemba 16, 1999, akiwa na umri wa miaka 71. Aliugua saratani ya damu. Mwaka huo wa 1999 chuo chake kilianzisha taasisi ya elimu ya urithi katika tiba na kuipa jina lake pamoja na la Victor McKusick, mwanzilishi wa fani hiyo. Mwaka wa 2005 kitivo cha tiba kilipowagawa wanafunzi wake katika makundi 4 ya malezi, kundi moja liliitwa Nathans.

Leo kimeng'enya alichokipokea kwa tabu kutoka kwa jirani yake wa maabara huuzwa ndani ya vichupa vidogo kwa yeyote mwenye maabara, na wanafunzi wa vyuo vikuu hukitumia katika masomo yao ya kawaida. Visu vimekuwa vingi na vikali zaidi kuliko alivyowahi kuvijua. Swali alilolitilia sahihi mwaka wa 1974, la nani anayepaswa kupima hatari kabla ya kisu kuchomolewa, bado liko mbele ya mabunge na mahakama, zikiwemo za Kenya.